Mistari milioni nne ya Python: jinsi Dropbox ilivyoingiza ukaguzi wa aina katika msimbo uliokwisha kukua

Mwezi Septemba 2019 Dropbox, kampuni ya kuhifadhi faili mtandaoni, ilieleza hadharani safari yake ya kufikisha mistari milioni nne ya Python chini ya mypy, programu inayokagua aina za data kabla msimbo haujaendeshwa. Mradi ule haukuanza kwenye uwanja mtupu. Msimbo ulikuwa tayari unaendesha huduma kubwa, umeandikwa kwa miaka mingi katika lugha isiyodai aina, na sehemu kubwa yake ilikuwa bado kwenye Python 2.7. Kusimamisha kazi ili uandikwe upya halikuwa jambo la kufikirika.

Anayesimamia programu kubwa ya wavuti atajifunza mengi hapa, hata kama anatumia TypeScript au lugha nyingine iliyoongezewa aina baadaye. Sarufi ya kutamka aina ilikuwa sehemu nyepesi. Kazi ngumu ilikuwa kuzuia upofu wa kikaguzi (sehemu ambazo hakioni aina) usienee, na kukifanya kitoe jibu haraka kiasi cha watu kukitumia kwa hiari.

## Tatizo lenyewe

Chukua fanksheni kama hii:

```
def shiriki(faili, wapokeaji, chaguo=None):
    ...
```

`faili` ni nini hapa? Huenda ni njia ya faili kama maandishi, huenda ni namba yake, huenda ni kitu kizima kilichotoka kwenye hifadhidata. `wapokeaji` ni orodha ya barua pepe au ya watumiaji? Katika programu ya mistari mia tano unasoma faili zote na kupata jibu. Katika programu ya mamilioni ya mistari unatafuta wanaoiita fanksheni hiyo, unakuta nao wamepokea thamani ileile kutoka kwa mwingine, unapanda ngazi nyingine, na saa imekwisha kabla hujabadilisha hata herufi moja. Maelezo yaliyoandikwa juu ya fanksheni hayasaidii sana, kwa kuwa hakuna kinachohakikisha kwamba bado ni ya kweli.

Majaribio ya kiotomatiki hukamata mengi, lakini hupima njia zile tu zinazopitiwa na jaribio. Kosa linalozizunguka mara nyingi ni la `None`: fanksheni inarudisha mtumiaji kama yupo na `None` kama hayupo, wote walioandika majaribio wakatumia mtumiaji aliyepo, kisha siku moja akaunti iliyofutwa inaguswa na ukurasa unaanguka kwa ujumbe kwamba `NoneType` haina sifa fulani. Makosa ya namna hii ndiyo kikaguzi cha aina hukamata vizuri kuliko chochote. Mypy ilianza kudai `None` itamkwe wazi kama hali ya kawaida katika toleo 0.600 la mwaka 2018. Kabla ya hapo sharti hilo lilikuwa hiari ya kuwashwa.

## Kwa nini matamko yangeweza kuongezwa kidogo kidogo

Mypy ilianzishwa na Jukka Lehtosalo alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu Cambridge, Uingereza. Mwanzoni ilikuwa na sarufi yake ya pekee. Katika mkutano wa PyCon wa 2013 uliofanyika Santa Clara, California, alizungumza na Guido van Rossum, muasisi wa Python, ambaye mwaka huohuo alikuwa amejiunga na Dropbox. Ushauri alioupata ulibadilisha kila kitu: aiache sarufi yake, atumie matamko ya fanksheni ambayo tayari yalikuwemo katika Python 3. Matamko hayo yalipendekezwa mwaka 2006 katika PEP 3107 (PEP ni hati ya pendekezo la kuboresha Python) bila kupewa maana maalumu. Baadaye Lehtosalo naye akajiunga na Dropbox, na PEP 484, iliyoandikwa na hao wawili pamoja na Łukasz Langa, ikayapa matamko maana ya aina. Ilitoka na Python 3.5 mwezi Septemba 2015.

Uamuzi huo ulikuwa na matokeo makubwa ya kiutendaji. Faili yenye matamko inabaki kuwa Python ya kawaida. Mfasiri wa lugha, yaani programu inayoendesha msimbo, huyapuuza wakati wa kuendesha, hakuna hatua ya kutafsiri msimbo kwanza, na mtu anaweza kutamka aina za fanksheni moja leo akaziacha jirani zake kama zilivyo. Kwa msimbo uliokwisha kukua, sifa hii ni sharti la lazima.

Palibaki kikwazo cha Python 2.7, isiyoijua sarufi ile mpya. Suluhisho likawa kuandika aina ndani ya maoni:

```
def shiriki(faili, wapokeaji, chaguo=None):
    # type: (Faili, List[Mtumiaji], Optional[Chaguo]) -> Matokeo
    ...
```

Mfasiri anaona maoni matupu, mypy inasoma aina kamili. Kuna mtego mdogo: `List` (orodha) na `Optional` (thamani au `None`) lazima ziletwe (import) kutoka moduli ya `typing`, ambayo kwa 2.7 ilisakinishwa kando, na programu zinazosaka uletaji usiotumika zitalalamika kwamba majina hayo hayana kazi. Zisanidi mapema, la sivyo mtu mwenye nia njema atayafuta.

## Any, na jinsi inavyoenea

Ukaguzi wa hatua kwa hatua unasimama juu ya aina moja ya pekee, `Any`. Thamani ya `Any` inakubaliwa popote na inakubali lolote. Fanksheni isiyotamkwa inahesabiwa kuwa inapokea `Any` na kurudisha `Any`, na kwa kawaida mypy haikagui hata mwili wake. Bila mlango huu usingeweza kuanza, maana makosa ya siku ya kwanza yangekuzika. Lakini `Any` huenea. Ukiandika `x = tafuta()` na `tafuta` haijatamkwa, `x` ni `Any`, `x.jina` ni `Any`, na chochote utakachofanya na `x.jina` hakitakaguliwa, hata kama fanksheni uliyomo wewe imetamkwa kikamilifu.

Kwa hiyo idadi ya mistari iliyotamkwa ni kipimo kinachodanganya. Mwishoni mwa 2016 Dropbox ilikuwa na takriban mistari 420,000 yenye matamko, hatua kubwa kwa kweli, lakini usahihi wa ukaguzi ulitegemea pia mistari hiyo ilikuwa inaita nini. Mypy ina ripoti ya `--any-exprs-report` inayohesabu semi ambazo aina yake ni `Any` katika kila moduli. Hiyo ndiyo namba ya kufuatilia.

Chanzo cha `Any` kilichoisumbua Dropbox ni rahisi kukisahau: faili zisizokuwemo kabisa kwenye orodha ya kukaguliwa. Walianza na faili chache, na faili mpya ikaingizwa pale mtu alipoiwekea matamko ya kwanza. Kila kilicholetwa kutoka faili iliyo nje ya orodha kiligeuka `Any` kimyakimya. Ubaya wa pili ulijitokeza baadaye. Ukiingiza faili iliyokuwa nje, aina zake za kweli zinaonekana ghafla kwa wote wanaoitumia, na makosa yanaibuka katika moduli ambazo wenyewe walidhani ni safi. Mtu aliyegusa faili moja anajikuta anarekebisha msimbo wa timu nyingine.

Njia bora ni kuingiza faili zote tangu siku ya kwanza, hata zisizo na tamko lolote, kisha kuongeza ukali kwa sehemu. Usanidi wa kuanzia unaweza kuwa hivi:

```
[mypy]
check_untyped_defs = True
warn_unused_ignores = True

[mypy-malipo.*]
disallow_untyped_defs = True

[mypy-maktaba_ya_zamani.*]
ignore_missing_imports = True
```

Tazama kwamba `ignore_missing_imports` imewekwa kwa maktaba moja iliyotajwa. Ukiiweka juu kwa ajili ya programu nzima, jina la moduli lililokosewa herufi nalo linakuwa `Any`, na hutaambiwa. `check_untyped_defs` inakagua miili ya fanksheni zisizotamkwa. Ikileta makosa mengi mno siku ya kwanza, iwashe moduli kwa moduli. `warn_unused_ignores` inakuonyesha alama za `# type: ignore` (zinazoiambia mypy ipuuze kosa la mstari) zisizohitajika tena, na bila hiyo alama hizo hurundikana milele.

Maktaba za nje zina dawa yake: faili za `.pyi` zenye aina tupu bila mwili wa msimbo. Za maktaba ya kawaida ya Python zinatunzwa katika mradi wa typeshed. Maktaba ya hifadhidata ya SQLAlchemy ilihitaji zaidi, kwa sababu safu ya jedwali huandikwa kwenye klasi kama kitu kimoja na kusomwa kwenye rekodi kama kitu kingine. Dropbox iliandika faili za aina pamoja na kiendelezi cha mypy kinachoijua tabia hiyo, ikavitoa kwa umma.

Wapi pa kuanzia? Kwenye moduli zinazoletwa na wengi: klasi za hifadhidata, zana za pamoja, kitu cha ombi la wavuti. Tamko moja pale chini linawapa aina mamia ya waitaji. Dropbox ilituma ripoti za kila wiki kwa timu, zikionyesha kiwango cha matamko na kupendekeza mahali ambapo tamko jipya lingeleta faida kubwa kuliko pengine. Mtu akianza na kurasa za mwisho ambazo hakuna anayeziita, atafanya kazi nyingi na kukamata machache.

## Mapambo ya fanksheni

Hili linastahili nafasi yake kwa sababu programu za wavuti zimejaa mapambo (decorators), yaani fanksheni zinazofunika fanksheni nyingine na kuiongezea kazi: linalodai mtumiaji awe ameingia, linalopima muda, linalofungua muamala wa hifadhidata. Kila fanksheni inayopokea ombi imevaa mawili au matatu. Pambo lisilotamkwa linapokea fanksheni yenye aina kamili na kurudisha `Any`. Yaani umekaa siku nzima ukitamka aina za fanksheni, na mstari mmoja juu yake umezifuta kwa wote wanaoiita.

Kwa mapambo yasiyobadilisha vigezo, tamka hivi:

```
F = TypeVar('F', bound=Callable[..., Any])

def lazima_aingie(f: F) -> F:
    ...
```

Ndani yake utahitaji `cast(F, ...)`, inayokiambia kikaguzi kiiamini aina uliyotaja, unaporudisha fanksheni ya kufunika, na hilo linakubalika kwa kuwa `Any` imefungiwa sehemu moja. Pambo linaloongeza au kuondoa kigezo halikuwa na tamko la kuridhisha hadi `ParamSpec` ilipoingia na PEP 612 katika Python 3.10, mwaka 2021. Katika usanidi, `disallow_untyped_decorators` itakuonyesha yote yaliyobaki. Tamka mapambo kwanza, kabla ya fanksheni yoyote inayoyavaa.

## Kukusanya aina kutoka msimbo unaoendeshwa

Kuandika matamko kwa mkono ni kazi ndefu, na Dropbox ilijaribu kuifupisha. Mwaka 2017 ilitoa PyAnnotate, zana inayotazama programu ikiendeshwa, inarekodi aina za thamani zinazopita, kisha inaziandika kwenye faili. Instagram nayo ilitoa MonkeyType mwaka huohuo kwa wazo linalofanana.

Matumizi yake ndani ya Dropbox hayakuenea sana. Ukusanyaji ulikuwa wa polepole, na matamko yaliyotoka yalihitaji kusafishwa sana kwa mkono. Ukiangalia jinsi zana kama hizi zinavyofanya kazi, sababu iko wazi. Rekodi inaona kilichopita, haioni kilichokusudiwa. Ikiwa majaribio hayakupitisha `None`, tamko litakosa `Optional`. Ikiwa yote yalipitisha orodha, litaandika `List[int]` mahali ambapo `Sequence[int]` ingetosha na kumruhusu mwitaji atumie hata tupo (tuple, orodha isiyobadilika). Na fanksheni ya jumla iliyopitishiwa klasi kumi na mbili itapata muungano wa aina kumi na mbili ambao haumsaidii msomaji.

Mypy baadaye ilipata njia nyingine, amri ya `dmypy suggest`, inayopendekeza tamko kwa kuchambua waitaji bila kuendesha programu. Yafaa kama rasimu ya kwanza, lakini aliyeandika fanksheni asome kila pendekezo.

## Kasi

Hapa ndipo mradi wote ungeweza kufa. Mypy imeandikwa kwa Python, na wakati huo iliendeshwa na mfasiri wa kawaida. Kadiri msimbo uliotamkwa ulivyoongezeka, ndivyo kila ukaguzi ulivyochukua muda mrefu zaidi, hivyo mafanikio yenyewe yaliufanya mfumo uwe mzito.

Muda wa kusubiri hubadilisha tabia. Jibu likija kwa sekunde chache, mwandishi hukagua kila anapohifadhi faili na kurekebisha wazo likiwa bado kichwani. Likichukua dakika, huacha seva ya majaribio imwambie baadaye, akiwa ameshahamia kazi nyingine. Hapo kosa la aina linakuwa usumbufu, na `# type: ignore` inakuwa njia ya kwenda nyumbani.

Hatua ya kwanza ilikuwa kukagua kwa nyongeza. Mypy huhifadhi matokeo ya kila moduli kwenye diski. Faili isiyobadilika, na ambayo moduli inazozitegemea hazijabadilisha sura yao ya nje, haikaguliwi tena. Dropbox iliongeza hifadhi ya pamoja: matokeo ya tawi kuu huandaliwa kwenye seva, na mashine ya mwandishi huyapakua badala ya kuanza upya.

Hilo lilisaidia, kisha likagonga ukuta wa mizunguko ya uletaji. Moduli A inaleta B, B inaleta C, C inaleta A. Mypy haiwezi kuzikagua moja moja, hivyo huzichukua zote kama kundi moja. Katika programu kubwa ya wavuti makundi haya hukua yenyewe: klasi za hifadhidata zinaleta zana, zana zinaleta klasi. Waandishi huficha mzunguko kwa kuweka uletaji ndani ya fanksheni, na mfasiri anaridhika, lakini mypy inauona vilevile. Matamko yenyewe yanaongeza nyuzi mpya, maana ili utamke kwamba kigezo ni `Mtumiaji` inabidi ulete `Mtumiaji` katika faili ambayo awali haikumhitaji. `if TYPE_CHECKING:`, inayofanya uletaji usomwe na kikaguzi tu, inaondoa tatizo wakati wa kuendesha, lakini kwa kikaguzi uzi bado upo. Mwisho wake ni fundo kubwa ambalo kuguswa kwa faili moja ndani yake kunaweza kudai fundo zima likaguliwe tena. Dropbox ililazimika kutenga kazi ya kukata mizunguko hiyo, ambayo hakuna zana inayoifanya yenyewe.

Hatua ya pili, ya 2018, ilikuwa kuiacha mypy ibaki hai. `dmypy` hukaa kwenye kumbukumbu ikiwa na picha ya programu nzima, na hufuatilia utegemezi kwa kiwango cha fanksheni na sifa za klasi badala ya moduli. Ukibadilisha aina inayorudishwa na fanksheni moja, hukagua wanaoitumia hiyo tu, hata kama wote wamo katika fundo lilelile. Gharama ni kumbukumbu: mashine yenye RAM ndogo na msimbo mkubwa itaelemewa.

Hatua ya tatu ndiyo inayonivutia kuliko zote. Msimbo wa mypy wenyewe ulikuwa umetamkwa aina kikamilifu, basi timu ikaandika mypyc, kompaila inayotumia matamko hayohayo kugeuza moduli za Python kuwa viendelezi vya C. Mypy iliyopitishwa humo ikawa na kasi ya takriban mara 4. Tofauti moja ya kujua kabla ya kuijaribu kwenye msimbo wako: katika moduli iliyopitishwa mypyc matamko husimamiwa wakati wa kuendesha, hivyo tamko la uongo ambalo `Any` ilikuwa imelificha litatupa `TypeError`.

## Kukaza polepole

Hakuna aliyelazimishwa siku ya kwanza. Mwanzoni maonyo ya ushauri yaliwataka watu waongeze matamko katika faili ambazo tayari zilikuwa nayo. Baadaye faili mpya zikalazimika kuwa na matamko, kisha na nyingi za zamani. Mpangilio huu ni sahihi: sharti gumu likija kabla ya kikaguzi kuwa chepesi, litajibiwa kwa `Any` zilizoandikwa kwa mkono, ambazo ni mbaya kuliko fanksheni isiyotamkwa, kwa sababu hakuna ripoti ya matamko itakayoziona kama pengo.

Tarajia lalamiko moja litakalorudi kila wiki: fanksheni inapokea `List[float]`, mtu anaipa `List[int]`, mypy inakataa. Kikaguzi kiko sahihi. Orodha hubadilika, na fanksheni ile ingeweza kuongeza 2.5 ndani ya orodha ambayo mwenyewe anaamini ni ya namba kamili. Kama fanksheni inasoma tu, tamka `Sequence[float]` na lalamiko litaisha.

## Mpakani

Matamko ya aina hayakagui chochote programu ikiwa hewani. Data inayotoka kwenye ombi la mtandao haijasoma msimbo wako. `json.loads`, inayosoma data iliyoandikwa kwa muundo wa JSON, hurudisha `Any`, na mstari huu utapita mypy bila neno:

```
idadi: int = json.loads(mwili)["idadi"]
```

Mteja akituma `"3"` kama maandishi, `idadi` itakuwa maandishi, na kila fanksheni chini yake itaamini ni namba. Kosa litaonekana mbali na mlango lilipoingilia, pengine pale thamani inapozidishwa kwa bei na kutoa maandishi yaliyorudiwa. `TypedDict`, iliyoingia katika Python 3.8, hutamka umbo la kamusi kwa kikaguzi, lakini nayo haipimi data halisi. Kila mlango wa kuingilia, iwe ombi la wavuti, foleni ya ujumbe, faili ya usanidi au safu ya hifadhidata yenye JSON, unahitaji msimbo unaopima thamani kweli na kuikataa hapohapo. `warn_return_any` itakuonyesha fanksheni zilizotamkwa ambazo zinarudisha `Any` iliyoponyoka. Anza na zile zinazosoma `json.loads`.